Maleleji yamenimalizia bustani: nyanya, mchicha na asumini ya kupewa (Tanga mjini)

Mshambaa_wa_Pwani · 24 Machi, saa 3 usiku

Wakuu, habari za jioni. Niko Chumbageni, nyumba ya kupanga, ua wa nyuma hatua kumi na mbili kwa saba. Nimehamia Novemba kutoka Lushoto na nimezaliwa kwenye mboga, kwa hiyo nilijiona fundi. Sasa naona aibu hata kumwalika mama aje kutembea.

Kisa chenyewe ni hiki. Tarehe 2 Machi ilipiga mvua moja ya kishindo, nikasema masika hayo. Kesho yake nikamwaga mbegu za nyanya kwenye kitalu, mchicha nikautupa moja kwa moja kwenye sesa, na asumini niliyopewa na jirani nikaichimbia shimo kando ya ukuta. Halafu siku kumi na moja hakuna tone, jua la kukaushia dagaa. Bomba lilikuwa linatoka kwa zamu, nikanywesha kwa maji ya kisima cha jirani. Tarehe 16 hadi 18 ikanyesha siku tatu bila kupumua, ua ukawa bwawa, bata wangefurahi.

Hali ilivyo leo: miche ya nyanya inalala mmoja mmoja, shina limekonda kama uzi pale linapogusana na udongo. Mchicha umezikwa na matope. Asumini majani ya juu yamekuwa ya njano lakini mishipa bado kijani. Nimeitia majivu vikombe vitatu kama tulivyofanya nyumbani, ndiyo kwanza ikazidi. Nimekosea wapi?

---

Kijana_Makorora · 24 Machi

Miche yako imefuata desturi ya mji, dada. Tanga: waja leo waondoka leo 😂 Pole lakini. Weka picha.

---

Bamia_Nguvumali · 24 Machi

Pole dada. Acha nianze na nyanya maana hiyo ya shina kukonda naijua, imeshanila kitalu kizima mara mbili. Inaitwa kinyausi. Ni vimelea vya ukungu vilivyomo kwenye udongo, vinapenda mambo matatu: maji yaliyotuama, miche iliyobanana, na hewa isiyopita. Wewe umevipa vyote. Mche ulioanguka hauponi, ng'oa utupe mbali, usiurudishe kwenye mboji. Iliyosimama punguza ibaki na nafasi ya vidole viwili kati ya mche na mche, usiimwagilie mpaka udongo wa juu ukauke, nyunyiza mchanga mkavu kuzunguka mashina.

Safari ijayo kitalu kisikae chini. Mimi hutumia beseni bovu au trei niliyotoboa, naiweka juu ya matofali, juu kabisa kipande cha nailoni nyeupe nimekifunga kama kibanda, pembeni wazi. Mvua ya Tanga hainyeshi, inapiga. Mche wa wiki moja ukipigwa na matone yale ni kama mtoto kurushiwa kokoto. Udongo wa kitalu naumwagia maji yanayochemka siku moja kabla, nauacha upoe. Mbegu napanda kwa mistari, si kwa kumwaga kama unalisha kuku.

Lakini nyanya zenyewe kwa nini umezipanda Machi? Hapa usiku wa Machi na Aprili ni joto, maua yanadondoka bila kushika. Halafu zikishika, Mei inakuja, na Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote Tanga, ugonjwa wa baka jani unamaliza. Sisi tunasia katikati ya Mei chini ya kibanda, tunahamisha Juni, tunachuma Agosti na Septemba kipupwe kikiwa kinatupepea. Mbegu za Tanya au Tengeru 97 zinatosha kwa nyumbani.

---

Mshambaa_wa_Pwani · 24 Machi

Lushoto tunasia wakati wowote 😩 Nashukuru kaka. Au dada?

---

Bamia_Nguvumali · 24 Machi

Kaka. Baba wa watoto wanne wasiokula bamia.

---

Mzee_wa_Sahare · 25 Machi, alfajiri

Binti, mimi nimevua miaka mingi kabla mgongo haujanikataza, sasa nalima nyuma ya nyumba. Nikuambie kosa lako la kwanza, la kabla ya hilo la kitalu.

Mvua ya tarehe 2 haikuwa masika. Kaskazi ilikuwa bado inavuma. Kaskazi ikiwa haijafa, mvua ya siku moja ni mpita njia, hukunyeshea ikaenda zake. Masika hushika pale kusi inapoanza kuingia. Baina yao ndiyo maleleji, wengine huita tangambili, kwa kuwa mwenye chombo leo atweka tanga upande huu, kesho upande ule. Asubuhi jua, alasiri gharika, jioni shwari kama mafuta. Wewe umepanda ndani ya maleleji.

Babu yangu hakuijua Machi wala Aprili. Alihesabu miongo tangu Nairuzi, mwaka mpya wetu wa jadi, kila mwongo siku kumi, na mbegu za mboga hazikutoka kwenye kibuyu mpaka zipite siku mia mbili na hamsini na kitu. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika mapema, nausikiliza, tena sana tangu kimbunga Hidaya cha Mei 2024. Ila bado hutoka nje baada ya swala nikalowesha kidole nikakiinua juu. Jana kidole kilisema bado.

---

Kijana_Makorora · 25 Machi

Shikamoo mzee. Nairuzi ndiyo mwezi wa ngapi?

---

Mzee_wa_Sahare · 25 Machi

Marahaba. Julai, kule mwishoni. Makunduchi kwa ndugu zetu wa Unguja bado wanaisherehekea, ndiyo Mwaka Kogwa.

---

Tajiri_Mtoto · 25 Machi

Watu mna muda. Soko la Mgandini lipo, mchicha upo, bodaboda ipo.

---

Mshambaa_wa_Pwani · 25 Machi

Mzee shikamoo. Kwa hiyo huo mchicha nao nisubiri?

---

Mzee_wa_Sahare · 25 Machi

Marahaba binti. Mchicha hausubiri mtu, siku ishirini na tano uko sufuriani. Panda kidogo kidogo kila wiki, kifuniko cha soda kimoja cha mbegu. Mvua ikizika fungu moja, la pili linakuja. Aliyenifunza hivyo ni mke wangu, Mungu amrehemu, mimi nilikuwa mtu wa kumwaga zote siku moja.

---

Mwalimu_Pongwe · 26 Machi

Nimesubiri mtu aguse hayo majivu, naona wote mmeyaruka.

Dada, kabla hujaongeza hata kijiko, chukua udongo mkavu wa pale penye asumini, weka kwenye kisosi, udondoshee siki ya jikoni. Ukisikia unachemka na kutoa povu, una chokaa nyingi. Nakutabiria utatoa. Mji huu umekaa juu ya matumbawe ya zamani na mawe ya chokaa, mapango ya Amboni ni mawe hayohayo yaliyoliwa na maji, na viwanda vya saruji havikuja Pongwe kwa kupenda hewa yetu.

Lushoto udongo wenu ni mwekundu, una uchachu, mvua ya mlimani imeuosha. Majivu huko ni dawa kwa sababu yanapunguza uchachu. Hapa hakuna uchachu wa kupunguza. Udongo wenye chokaa unayafunga madini ya chuma, yamo lakini mizizi haiwezi kuyachukua. Ukiongeza majivu unakaza fundo. Jani changa la juu likiwa njano na mishipa ikabaki kijani, ndiyo dalili yake. Likiwa ni jani kuukuu la chini linageuka njano lote, hiyo ni njaa ya naitrojeni, kesi nyingine.

---

Chuma_cha_Magoroto · 26 Machi

Mwalimu kwa heshima nakupinga. Bibi yangu ametia majivu miaka arobaini na bilinganya zake zilikuwa kama vichwa vya watoto. Sayansi za vitabuni hizi.

---

Mwalimu_Pongwe · 26 Machi

Bibi alikuwa analima wapi?

---

Chuma_cha_Magoroto · 26 Machi

Magoroto.

---

Mwalimu_Pongwe · 26 Machi

Mlimani Muheza, udongo mwekundu. Bibi alikuwa sahihi kabisa, mwambie mwalimu anamsalimia. Angehamia Raskazone, huku pwani, angeyaacha.

---

Chuma_cha_Magoroto · 26 Machi

Hapo umenikamata.

---

Mshambaa_wa_Pwani · 27 Machi

Nimefanya jaribio la siki. Povu limetoka mpaka mwanangu kaomba tufanye tena. Nimemaliza nusu chupa kwa kumfurahisha.

Nimeonja pia maji ya kisima, nayo yana chumvi ya wazi kabisa. Nilikuwa nadhani ni ladha ya bomba.

---

Bamia_Nguvumali · 27 Machi

Chumvi hiyo inaunguza kingo za majani. Kisima cha karibu na bahari usimpe mche mchanga, bora kiu. Sasa fanya hesabu hii: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa lako upande wa nyuma likiwa mita sita kwa tano, mvua ya milimita ishirini, ambayo hapa ni ya nusu saa tu ikiamua, ni lita mia sita. Mapipa matatu. Na wewe unachota kwa ndoo kwa jirani! Omba mwenye nyumba akuruhusu kuweka mfereji wa bati. Maji ya dakika za kwanza yaache yaende, ni vumbi na kinyesi cha kunguru. Funika pipa kwa neti, la sivyo unafuga mbu.

Na kwa udongo wako usishindane na matumbawe, panda juu yake. Tengeneza matuta ya kina cha mkono, sentimita ishirini na tano hadi thelathini, uyazungushie mawe au vipande vya mnazi. Jaza samadi iliyooza kabisa, udongo mwekundu ukipata wa Muheza, na mchanga wa mto (si wa ufukweni!!). Penye mwamba kabisa tumia ndoo za rangi za lita ishirini, toboa chini na pembeni kwa chini matundu kumi. Watu wanatoboa moja halafu wanashangaa mche unaoza.

Juu weka matandazo ya nyasi kavu. Siku za jua yanashika unyevu, siku za mvua yanapokea kipigo badala ya udongo, mchicha hautazikwa tena. Hilo la matandazo ningekuambia liwe la kwanza ila nimeshaandika sana.

---

Kijana_Makorora · 27 Machi

Usumba wa nazi unafaa? Nyumbani makumbi yamejaa.

---

Mwalimu_Pongwe · 27 Machi

Unafaa sana, unashika maji kama sponji. Lakini makumbi ya pwani yana chumvi yake. Loweka, mwaga maji, loweka tena, siku mbili tatu. Ndipo utie.

---

Bi_Mkubwa_Barabara_ya_12 · 29 Machi

Nimeonyeshwa uzi huu na mjukuu, nimesoma wote. Mmezungumza nyanya, mmezungumza majivu, asumini ya watu mmeiacha inakufa ukutani.

Mwanangu, asumini haitaki ukuta unaomwaga chokaa ya rangi. Ing'oe jioni kukiwa na mawingu, ihamishie kwenye chungu kikubwa na mchanganyiko aliokuambia huyo baba wa bamia. Pogoa theluthi. Vile vipande ulivyokata usitupe. Chagua vilivyokomaa kidogo, si vya kijani laini wala vya mti mkavu, urefu wa shibiri ndogo, vyenye vifundo vitatu vinne. Majani ya chini ondoa, ya juu acha mawili. Chomeka vifundo viwili ndani, weka kivulini, udongo uwe wa unyevu usiwe uji. Maleleji haya mnayoyalaani ndiyo wakati wake, hewa ina maji, kipande hakikauki. Mwezi na nusu hivi utaviona vinachipua. Mimi mpaka leo nawapa wari wote wa mtaa kwa njia hiyo.

Maua usitegemee sasa. Mawingu yakiwa mengi asumini inatoa majani tu. Jua likirudi itafungua, jioni jioni, ndipo uchume maua yakiwa bado yamefumba nusu. Na samadi usiijaze, ukiishibisha sana inanenepa haizai.

Mrehani je, umepanda? Nyumba ya Tanga bila mrehani, kikuba cha maua ya kunukia utakifunga kwa nini? Sia mbegu juu juu, usizifukie. Ukifika urefu wa kiganja kata ncha, utatawanyika. Waridi likipata madoa meusi majani yakadondoka, ni mvua hiyo, yaokote yote chini ukayachome, mwagilia shinani usirushe maji juu. Kilua sikushauri kwa nyumba ya kupanga. Ni mti, utamwachia mwenye nyumba.

---

Mshambaa_wa_Pwani · 29 Machi

Shikamoo bibi. Nimehamisha leo jioni. Vipande nimepata tisa.

---

Bi_Mkubwa_Barabara_ya_12 · 29 Machi

Marahaba mwanangu. Vikishika vitano umefaulu.

---

Mwalimu_Pongwe · 29 Machi

Tena usikate tamaa kwa hesabu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, iliyofika hai ilikuwa 62. Hiyo ndiyo iliyoanzisha mkonge wote wa Tanga.

---

Tajiri_Mtoto · 30 Machi

Asumini inauzwaje kwa kishada siku hizi? Nauliza tu.

---

Mshambaa_wa_Pwani · 16 Aprili

Nimerudi na taarifa. Kusi imeingia, mzee kidole chako kilisema kweli, mvua sasa ni kila siku na inajulikana inakuja. Matuta mawili yako juu, mapipa mawili yamejaa. Mchicha wa kwanza tumekula jana na nazi. Bamia nilizoziloweka usiku kucha zimeota karibu zote. Nyanya chungu ziko salama. Matembele nilichomeka tu vipande na hayajanidai chochote, sijui kwa nini watu hawaanzi na haya.

Tatizo jipya: naamka nakuta majani yameliwa yote imebaki mifupa. Na njia zinazong'aa kila mahali.

---

Kijana_Makorora · 16 Aprili

Konokono. Karibu pwani. Na picha hujaweka.

---

Bamia_Nguvumali · 16 Aprili

Wale wakubwa wa ngumi. Pwani yetu hii ndiyo kwao hasa, nchi nyingine wamepelekwa wanawalalamikia dunia nzima. Dawa ni tochi na ndoo, saa mbili usiku baada ya mvua, siku nne mfululizo. Usimshike kwa mkono mtupu, vaa mfuko wa nailoni, anabeba vimelea vya panya vinavyodhuru binadamu, na mboga zioshe sana. Weka kipande cha gunia bichi kando ya tuta, mchana wanajificha chini yake, unawaokota kama embe. Mayai yao ni vidonge vidogo vyeupe vyenye umanjano ndani ya udongo, yaponde.

Chumvi usimwage bustanini. Naona watu wanaimwaga, wanaua konokono mmoja na mita nzima ya udongo.

---

Chuma_cha_Magoroto · 17 Aprili

Na majivu kuzunguka tuta?

---

Mwalimu_Pongwe · 17 Aprili

Wewe na majivu! Yakilowa hayazuii kitu. Na Aprili Tanga yatakauka lini?

---

Mshambaa_wa_Pwani · 18 Aprili

Usiku wa kwanza 43. Mwanangu anahesabu kwa sauti, majirani wanadhani tunafundisha hesabu.

---

Mshambaa_wa_Pwani · 11 Mei

Mvua ya juzi imebomoa kona ya tuta moja, bamia tano zimeondoka na mawe yake. Nimelirudisha. Kitalu cha nyanya nimesia leo chini ya nailoni, kwa mistari, Tanya. Vipande vya asumini: vitatu vimekufa, sita vina vichipukizi.

---

Bi_Mkubwa_Barabara_ya_12 · 11 Mei

Sita! Kimoja changu.

---

Mshambaa_wa_Pwani · 21 Juni

Nyanya nimezihamisha jana jioni, thelathini na moja, hakuna hata moja iliyolala. Bamia tunachuma siku baada ya siku, zikiachwa siku tatu zinakuwa kuni. Baridi ya asubuhi imeanza, naota jua mlangoni kama niko nyumbani Lushoto.

Asumini ya chungu majani mapya ni kijani mpaka nchani. Jana magharibi imefungua maua manne. Manne tu, lakini nyumba nzima ilinukia, na binti wa jirani aliyenipa mche akaja kuuliza kama nina mrehani wa kuchanganyia, dada yake anaolewa mwezi ujao. Ninao, kopo zima.

---

Kijana_Makorora · 21 Juni

Hongera dada. Miezi mitatu naomba picha. Basi hata mchicha, unauza fungu?

---

Mshambaa_wa_Pwani · 21 Juni

Simu ilidumbukia kwenye pipa la mvua Aprili, kamera haioni tena. Njoo na kikapu chako Jumamosi asubuhi, mchicha bure. Asumini usiguse, imeshaposwa.